Nati Moja Ikilegea, Chanjo Imepotea: Tengeneza Mwenyewe Keria na Maboksi ya Pikipiki Yako



Chanjo inaweza kutoka kiwandani Kibaha ikiwa nzima, ikafika Singida mjini ikiwa nzima, kisha ikaharibika katika kilometa chache za mwisho kabla ya kufika zizini kwako. Mara nyingi kosa si la chanjo wala la mchanjaji. Keria imelegea, mfuniko wa boksi haufungi, au mpira wa kufungia mzigo umekatika kwenye korongo.

Hapa Mtinko pikipiki imechukua kazi nyingi zilizokuwa za punda na za kichwa cha mama. Inabeba maziwa asubuhi, kuku kwenda mnadani, chumvi ya ng'ombe, dawa ya kuogesha, na wakati mwingine mbuzi mgonjwa. Njia zetu tunazijua. Kiangazi ni mchanga na mawe, masika ni udongo mweusi wa mbugani. Pikipiki yenyewe inavumilia, lakini vile vinavyobeba mzigo juu yake vinakufa kwanza.

Kipeperushi hiki kinaeleza namna ya kukagua na kutengeneza vifaa hivyo nyumbani kwa vitu vinavyopatikana kwenye duka la vipuri au jaani. Kinaeleza pia vitu ambavyo hupaswi kuvitengeneza kabisa. Mwenye baiskeli pia atakuta mengi yanayomfaa.

KISA KILICHONIFUNDISHA

Nakiandika kisa hiki kwa sababu kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Mwezi mmoja wa kiangazi niliahidi kuchanja kuku katika kitongoji kimoja dhidi ya mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Watu walifanya kama nilivyowaomba: hawakufungulia kuku asubuhi ile. Keria yangu ilikuwa na nati moja iliyopotea tangu wiki ya nyuma. Nilijua. Nilifunga kwa kamba ya katani nikasema nitanunua nyingine siku nikienda mjini.

Nilipopanda ng'ambo ya korongo kamba ilikatika. Sikusikia, kwa sababu ya upepo na kelele za injini. Nilipogeuka kuangalia, boksi halipo. Nililikuta limelala juu ya mawe, mfuniko umepasuka, barafu imemwagika, na chupa za chanjo ziko juani. Sikujua zimekaa pale muda gani, na chanjo iliyopigwa jua huwezi kuitambua kwa macho. Ikabidi niwaambie watu wafungulie kuku wao. Nikarudi na mikono mitupu.

Kabla sijapata chanjo nyingine, mdondo uliingia. Mama mmoja aliyekuwa na kuku zaidi ya thelathini alibaki na wanne. Kuku wale walikuwa sare za shule na daftari za watoto wake. Nati ile ingenigharimu bei ya mayai mawili.

UKAGUZI WA DAKIKA TANO

Fanya ukaguzi huu kila wiki, na kila siku unapobeba chanjo au maziwa. Hata kijana wa darasa la sita anaweza kuufanya.

1. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, au mtu mwingine aishike. Shika keria kwa mikono miwili, itikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Keria nzima hutikisika pamoja na pikipiki. Ikicheza peke yake, kuna nati iliyolegea au bomba lililopasuka.

2. Pitisha kidole penye kila kiungo kilichochomelewa. Ufa mdogo hujificha chini ya vumbi. Mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi ni dalili ya ufa.

3. Hesabu bolti na nati zote. Kama pana tundu lisilo na bolti, ipo iliyodondoka.

4. Vuta kila mpira wa kufungia mzigo kwa nguvu. Ukiona michirizi midogo kama ngozi ya mguu uliopasuka kwa vumbi, mpira huo umekwisha, hata kama bado haujakatika.

5. Funga mfuniko wa boksi, kisha ligeuze kichwa chini likiwa tupu. Mfuniko usifunguke.

VIFAA VYA KUWA NAVYO NYUMBANI

Hifadhi vitu hivi kwenye kopo moja: spana namba 10, 12 na 13; plaizi; bisibisi; waya laini wa kufungia nondo; tyubu chakavu ya pikipiki au ya gari; nati, bolti na washa chache za milimita 6 na milimita 8; msasa; na rangi kidogo ya kuzuia kutu. Bolti nyingi za keria ni za milimita 8, na nati zake hufunguliwa kwa spana namba 12 au 13. Ndogo za milimita 6 hufunguliwa kwa namba 10. Chukua bolti yako uende nayo dukani. Usinunue kwa kukisia.

KERIA

Nati inayolegea kila mara

Kukaza tu hakutoshi, kwa sababu mtikisiko wa njia utailegeza tena. Fanya hivi:

- Fungua nati, safisha meno ya bolti kwa msasa au brashi ya waya.
- Weka washa bapa, kisha washa ya springi, kisha nati.
- Kaza. Halafu ongeza nati ya pili juu ya ile ya kwanza. Shika ya chini kwa spana moja, kaza ya juu kwa spana nyingine. Nati mbili zilizobanana hazifunguki kirahisi.
- Weka alama ya rangi inayoanzia kwenye nati hadi kwenye chuma cha keria. Siku mstari ukiachana, ujue nati imezunguka. Utaiona bila kushika spana.

Kama meno ya bolti yameliwa, usijaze uzi wala kipande cha mfuko. Badilisha bolti na nati yake kwa pamoja, maana nati iliyokwisha huharibu bolti mpya.

Bomba la keria lililopasuka ukiwa njiani

Wengi wetu tumewahi kumfunga mbuzi aliyevunjika mguu. Keria nayo hufungwa gango vilevile. Zungusha kipande cha tyubu juu ya ufa. Weka juu yake vipande viwili vya chuma bapa, au mti mgumu mkavu, kimoja kila upande, vikizidi ufa kwa angalau upana wa kiganja pande zote mbili. Kisha zungusha waya kwa kubana sana, ukiusokota kwa plaizi. Funga sehemu tatu: juu ya ufa, katikati, na chini yake.

Gango ni la kukufikisha nyumbani. Shusha mzigo mzito, endesha polepole, na siku hiyohiyo au kesho yake peleka keria kwa fundi wa kuchomelea.

Unapopeleka kwa fundi

Toa keria kwenye pikipiki kabla ya kuchomelea. Cheche karibu na tangi la petroli zimewahi kuunguza vyombo na watu, na umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu betri na mfumo wa umeme wa pikipiki. Mwambie fundi aweke kipande cha chuma cha kuongeza nguvu penye ufa. Akijaza ufa peke yake, utapasuka tena pembeni ya pale alipochomelea. Ikishapoa, piga rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

KRETI NA BOKSI LA PLASTIKI

Kreti la soda au boksi la plastiki likipasuka, ufa huendelea kutembea kila siku. Kwanza uzuie.

1. Osha kreti kwa sabuni, likauke.
2. Pasha moto msumari ukiushika kwa plaizi, kisha toboa tundu dogo pale hasa ufa unapoishia. Ufa ukifika kwenye tundu la mviringo unasimama. Fanya kazi hii nje, mahali penye upepo, usivute moshi wa plastiki.
3. Toboa matundu mengine pande zote mbili za ufa, umbali wa kama sentimita 1 kutoka kwenye ufa, na sentimita 2 hadi 3 kati ya tundu na tundu.
4. Kata kiraka kutoka kwenye ndoo iliyovunjika, kiweke kwa ndani, kitoboe sawasawa na matundu yale.
5. Shona kwa waya kwa mtindo wa msalaba, kama unavyoshona kiatu. Ncha za waya zimalizikie upande wa nje na uzikunje zisichome mtu wala mfuko wa dawa.

ANGALIZO: Usikate kiraka kwenye dumu lililokuwa na dawa ya kuogesha, hata kama umeliosha mara kumi. Plastiki hunyonya dawa, na ukiipasha moto utaivuta.

Chini ya boksi weka kipande cha tairi chakavu au zulia nene kabla ya kulifunga kwenye keria. Chuma kikisugua plastiki kwa miezi, kinaila. Tairi pia hupunguza mtikisiko, nao mtikisiko huvunja chupa za dawa.

BOKSI LA BARIDI

Hiki ndicho kifaa chenye thamani kubwa kuliko vyote. Chanjo nyingi za mifugo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Chanjo ya mdondo aina ya I-2 huvumilia joto kuliko nyingine, ndiyo maana inafaa vijijini. Lakini nayo ina kikomo: jua la moja kwa moja na joto kali huiua. Ukimdondoshea kuku tone la chanjo iliyokufa utakuwa umemlowesha jicho tu, na utakaa miezi mitatu hadi zamu inayofuata ukidhani umemkinga.

Boksi huharibika sehemu tatu: mpira wa mfuniko, kufuli yake, na nyufa za ndani.

Jaribu mfuniko kwanza. Weka kipande cha karatasi ukingoni, funga mfuniko, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, hapo ndipo baridi inapotokea. Zunguka boksi lote. Njia nyingine: usiku weka tochi inayowaka ndani, funga, uangalie kama mwanga unapenya.

Kutengeneza mpira wa mfuniko. Kandambili chakavu ni dawa nzuri, kwa sababu povu lake halinyonyi maji. Zioshe, zikauke. Kata utepe mwembamba wenye unene wa kama milimita 5, uubandike kuzunguka ukingo wa mfuniko kwa gundi ya viatu. Viungo vikutane bila nafasi. Acha mfuniko wazi siku nzima harufu ya gundi iishe. Kama boksi lako ni lile jeupe la povu, usitumie gundi ya viatu, italiyeyusha. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Kufuli ikivunjika, kata mikanda miwili ya tyubu yenye upana wa vidole vitatu. Ipitishe juu ya mfuniko na chini ya boksi, mmoja kila upande. Kamba moja ya katikati haitoshi, maana pembe za mfuniko hunyanyuka.

Ufa wa ndani. Hapa usitumie msumari wa moto, kwa sababu povu lililo katikati ya kuta huungua. Kausha boksi juani likiwa wazi siku mbili au tatu, kwa sababu povu lililolowa halizuii joto. Kisha ziba ufa kwa silikoni ya kuzibia madirisha, uache ikauke saa 24. Jaza maji kidogo ndani, weka boksi juu ya karatasi kavu usiku kucha. Karatasi ikilowa, rudia.

Jaribio la mwisho ni la barafu. Weka ndani chupa za maji yaliyoganda na kipimajoto, kama unavyofanya siku ya safari. Funga, liache kivulini kwa muda uleule wa safari yako ndefu zaidi, kisha fungua usome. Kama kipimajoto kimevuka nyuzi 8, boksi hilo libebe chakula cha mchana, lisibebe chanjo.

Barafu nayo inaweza kuharibu. Chanjo ya chambavu haitakiwi kuganda. Ikiganda, kinga yake imeharibika hata ikiyeyuka vizuri. Usiweke chupa ya chanjo igusane na barafu iliyotoka kwenye friza sasa hivi. Iache barafu nje mpaka uitikise usikie maji yakicheza ndani, kisha izungushie kitambaa au gazeti.

MIPIRA NA KAMBA

Mkanda wa tyubu ni mzuri kuliko kamba, kwa sababu unavutika na kurudi pikipiki inaporuka. Kata mkanda kuzunguka tyubu kwa mtindo wa mshazari ili upate urefu bila kiungo. Ukingo ukatwe laini. Penye jino dogo ndipo patakapochanikia. Usiache mikanda juani siku nzima pikipiki ikiwa imeegeshwa. Jua na petroli ndivyo vinavyoila.

Funga boksi kwa mikanda miwili isiyotegemeana, ili mmoja ukikatika wa pili ushike. Kwa boksi la chanjo mimi naongeza kamba fupi ya akiba iliyofungwa moja kwa moja kwenye fremu. Hata keria ikitoka yote, boksi litaning'inia na nitalisikia.

DUMU LA MAZIWA NA TENGA LA KUKU

Dumu la plastiki la maziwa lililopasuka halitengenezwi. Usiliyeyushe, usilizibe kwa silikoni wala kwa sabuni ya mche. Penye kiraka pana mfereji ambao brashi haifiki, na humo vijidudu hukaa na kuchachusha maziwa ya kesho. Hata dumu zima likijaa mikwaruzo ndani, lihamishie kwenye kazi ya maji ya kufulia. Chombo kizuri cha maziwa ni cha aluminiamu au chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana unaoingiza mkono.

Tenga la kuku linatengenezeka. Lakini lioshe kwanza kwa maji na sabuni, lianike juani, ndipo ulishike. Tenga lililorudi mnadani linaweza kuleta mdondo kwenye kinyesi kilichogandia. Badilisha fito zilizovunjika kwa fito mpya, usijazie kwa waya wenye ncha ndani. Kitako kiwe imara ili mguu wa kuku usitokeze nje. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tusimtese mnyama safarini, na mfukoni pia kuna faida: kuku aliyening'inizwa miguu hufika mnadani amelegea, na mnunuzi humshusha bei.

KUPANGA MZIGO

Keria nzuri huvunjwa na mpangilio mbaya. Dumu moja la lita 20 la maziwa lina zaidi ya kilo 20. Mawili ni zaidi ya kilo 40 kabla hujapanda wewe.

- Mizigo mizito ikae chini na karibu na dereva. Ukiiweka nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele hunyanyuka, na kwenye mchanga usukani hautakusikia.
- Pande mbili ziwe na uzito unaolingana.
- Taa ya nyuma na indiketa zisizibwe.
- Dawa ya kuogesha, petroli na mbolea visipande pikipiki pamoja na maziwa, chakula au chanjo. Fanya safari mbili. Mfuniko wa dawa ukivuja tone kwenye mdomo wa dumu, familia nzima itakunywa.
- Boksi la chanjo lifunikwe kwa kitambaa cheupe au kanga iliyolowa maji, na ukisimama, egesha kivulini.

WAKATI WA KUSEMA HAPANA

Usitengeneze mwenyewe keria iliyopasuka mahali inapoungana na fremu ya pikipiki, wala fremu yenyewe. Usichomelee chochote pikipiki ikiwa na petroli. Usiendelee kutumia boksi la baridi lililoshindwa jaribio la barafu mara mbili. Usitumie tena kwa kazi yoyote ya nyumbani chombo kilichokuwa na dawa ya kuogesha. Kitoboe kisitumike tena, kisha uliza ofisi ya mifugo namna ya kukiteketeza.

Na jambo la mwisho, ambalo ni gumu kuliko spana. Kama chanjo imeanguka, imepigwa jua au imepata joto njiani, sema. Mchanjaji wa kijiji akija akasema, "Leo sichanji, boksi langu limefunguka," msimlaumu. Anawaokoa na hasara kubwa zaidi. Mpangieni siku nyingine, na kabla hajaondoka mwangalie pamoja ile keria.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, fika ofisi ya mifugo ya kata ukiwa na kifaa chako. Spana zipo, na nati za akiba sasa hazikosekani.